Breki za Mteremko wa Mahenge

Kibaoni, Ifakara
11 Februari 1956

Mjomba wangu Apolinari,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, na nikisema mzima namaanisha hata ile malaria ya Krismasi imeniacha, nakula kama zamani. Mama anakusalimu sana. Anasema kaka yake amekuwa mtu wa mjini, hata picha hatumi. Mpunga wetu wa Mchombe umeshika maji vizuri, na dada Natalia yuko huko anapalilia. Baba hajambo.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Unajua hapa kwetu baiskeli karibu zote ni za breki za vyuma. Lakini Mwinyimvua, mwenye duka la vitambaa, amewanunulia wachuuzi wake baiskeli za breki za waya na gia tatu, kwa ajili ya safari za Mahenge. Mwaka wa kwanza zilikwenda vizuri. Sasa nyaya zinakatika. Ukichomoa moja kwenye ganda lake inatoka nyekundu kwa kutu, nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyeudhika. Nyaya za kiwandani zenye vichwa vyake hazipatikani Ifakara. Baba ana bunda la waya mrefu mtupu. Anakata kipande, kisha anatengeneza kichwa, kile kifundo kinachoshika kwenye mkono wa breki, kwa risasi iliyoyeyushwa. Nimemwangalia akifanya, na siridhiki. Kichwa kinakaa kama tone la nta juu ya uzi. Nikisema, baba ananijibu, "Kazi hii niliijua kabla hujazaliwa." Naomba wewe uniandikie inavyotakiwa, maana huko Morogoro mnafunga breki za waya kila siku.

Kuna na jambo la gia. Zubeiri, mdogo wake Mwinyimvua, analalamika kwamba akipanda mlima kwa gia nyepesi, pedali zinateleza ghafla na goti linapiga usukani. Mara ya mwisho alirudi anachechemea, lakini anacheka. Yeye ni mtu wa kucheka.

Utaona mwandiko ni wangu. Baba ana kazi nyingi siku hizi, ndiyo maana. Hajambo kabisa.

Mpwa wako,
Yosefina


Morogoro
2 Machi 1956

Mpwa wangu Yosefina,

Marahaba, na milele amina. Huku mvua zimeanza mapema na paa la karakana linavuja juu ya benchi langu, si juu ya benchi la mtu mwingine. Mke wangu Balbina hajambo. Ameanza kuuza vitumbua na vinakwisha kabla sijaamka. Mwambie mama yako picha nitapiga nikipata shati.

Tuanze na kichwa cha risasi. Kwanza kabisa pitisha waya kwenye ganda lake. Nimeona mafundi wenye mvi wakimaliza kichwa kizuri, halafu wanakumbuka ganda liko mezani. Kisha osha ncha kwa petroli mpaka mafuta yote yatoke. Risasi haishiki palipo na mafuta. Itakaa juu juu na kukudanganya. Vika ncha kile kikombe kidogo cha shaba ulichokitoa kwenye waya wa zamani. Halafu, na hapa ndipo kazi yote ilipo, zichambue nyuzi zifunguke kama ufagio ndani ya kikombe. Ndipo umimine risasi, iingie katikati ya kila uzi. Ukiimimina juu ya waya ulionyooka, kichwa kitachomoka siku mtu atakapobana kwa hofu. Risasi ikishapoa, bana kichwa kwenye jiliwa la benchi, jifunge ncha ya pili kiunoni, na ujitupe nyuma kwa uzito wako. Kikishika, mpe mteja. Kikichomoka, utaanguka wewe karakanani, si yeye barabarani.

Ganda nalo: sugua miisho yake kwa tupa iwe laini, maana ndiyo inayokula waya. Lisimamishe wima, udondoshee mafuta mpaka yatokee chini. Usilipindishe kwa ghafla penye usukani.

Gia ya Zubeiri inateleza kwa sababu waya umelegea. Weka mkono wa gia katikati. Nati ya kulia ya gurudumu la nyuma ina dirisha dogo; chungulia humo uone ufito unaovutwa na mnyororo mdogo. Bega la ufito liwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Likiwa limezama ndani, kaza waya. Likijitokeza nje, legeza. Halafu funga ile nati ndogo isirudi nyuma.

Nina swali moja. Shemeji Sebastiani alikuwa akiniandikia mwenyewe miaka yote, na alikuwa akijivunia herufi zake. Tangu lini kazi zimemzidi mpaka hawezi kuweka hata sahihi?

Mjomba wako,
Apolinari


Kibaoni, Ifakara
9 Aprili 1956

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka, ingawa imepita. Mama ni mzima. Natalia amejifungua mtoto wa kike huko Mchombe, wamembatiza Tekla, jina la mama, kwa hiyo mama kwa sasa hashikiki. Baba hajambo.

Barua yako ilichelewa. Barabara ya Kidatu ilikatika kwa mafuriko, na magari yalilala upande wa pili mpaka maji yalipopungua. Ilinifikia Jumanne ya Pasaka. Zubeiri alikuwa ameshaanguka Jumamosi.

Alikuwa akishuka kutoka Mahenge na gunia la maharage kwenye keria. Penye kona ile kali, yenye jabali, alibana breki ya mbele na mkono wa breki ukaja wote mpaka kwenye usukani, bila kushika kitu. Breki ya nyuma peke yake haikuweza ule uzito. Akaona afadhali aingie ukingoni kuliko aingie korongoni. Amevunjika mguu na bega limeteguka. Yuko hospitali ya misheni, na madaktari wanasema atatembea. Nilikwenda kumwona. Nilidhani atanifukuza, lakini alinipa kiti akasema, "Yosefina, tulia kidogo, anayeumwa ni mimi."

Baiskeli waliileta kwetu. Nilifungua mkono wa breki ya mbele. Waya ulikuwa mzima, umenyooka kama sindano. Kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki peke yake ndani ya mkono, na tundu laini katikati mahali waya ulipochomoka. Siku iliyofuata likaja lori la barua, nikasoma maneno yako juu ya ufagio. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Sasa karakana iko kimya. Watu wanapita na baiskeli zao wakizisukuma, wanatazama upande mwingine. Mwinyimvua alikuja na watu wawili wa makamo, akauliza kwa heshima, "Nani alifunga waya ule?" Nikajibu, "Karakana hii ndiyo iliyofunga." Akauliza tena. Nikajibu vilevile. Akasema anazipeleka baiskeli zake zote kwa fundi mwingine, hata kama ni Kilosa.

Hapo ndipo nikasema jambo ambalo mama ananilaumu mpaka leo. Nikasema, "Mzee Mwinyimvua, mvua zikiisha nipe baiskeli ileile ya Zubeiri. Nitaitengeneza mimi, nitapakia gunia lilelile, na nitashuka nayo Mahenge mimi mwenyewe. Nikifika chini salama, mturudishie kazi." Wale wawili wakacheka. Mwinyimvua hakucheka. Alisema, "Mimi sipeleki binti wa mtu kwenye kifo. Lakini baba yako akikubali mbele yangu, nitafikiri."

Baba alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda. Mpaka leo hajakubali wala kukataa.

Mjomba, wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwuliza. Nishuke, au nisishuke?

Yosefina


Morogoro
12 Mei 1956

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa mtoto Tekla. Balbina amemshonea kofia, utaikuta kwenye kifurushi hiki. Anasema kama ni kubwa, mtoto ataikulia. Kwetu wote wazima. Paa limezibwa. Mchezo wa mpira wa Jumapili tulishindwa na watu wa reli, na sitaki kuuzungumza.

Katika kifurushi utakuta nyaya za breki za kiwandani zenye vichwa vyake, mbele na nyuma. Utakuta raba mpya za breki. Zifunge zote kwa pamoja, usichanganye na za zamani, na zitazame rimu, si tairi. Kuna waya wa gia na mnyororo wake mdogo. Kuna kopo la grisi. Kabla ya mteremko wowote mrefu, banabana breki zote mbili mtu akiwa bado mahali pa tambarare. Kwenye mteremko, usiachie mwendo ukue halafu ubane kwa nguvu. Bana mapema, achia, bana tena, ya nyuma ikitangulia. Mzigo ufungwe chini na mbele kadiri inavyowezekana.

Hukuniambia nani alifunga waya ule, nami siulizi. Lakini kila barua yako inasema baba hajambo, na huwa hujaulizwa. Nimekuwa fundi muda mrefu. Najua fundi anavyofanya macho yakianza kufifia: anaacha kuandika, anagombana na anayemshauri, na anamimina risasi kwa mazoea. Hospitali yenu hiyohiyo inatazama macho. Mwambie shemeji kwamba mimi nimesema hivyo, na kama atakasirika, anikasirikie mimi niliye mbali.

Mjomba wako,
Apolinari


Kibaoni, Ifakara
25 Juni 1956

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena! Mama mzima, Natalia mzima, mtoto kofia imemfunika mpaka puani. Mpunga tumevuna, vihenge vimejaa. Nimesema salamu zote upesi kwa sababu mkono unawasha kuandika.

Hukunijibu swali langu. Nilipindua kila karatasi ya kifurushi, nikatikisa hata kopo la grisi. Mwisho nikaelewa kwamba mtu asiyetaka nishuke asingenifundisha kufunga gunia.

Nilimsomea baba barua yako yote, pamoja na ile sehemu ya macho. Aliondoka, akarudi jioni. Akasema, "Lini tunakwenda?" Basi.

Alhamisi iliyopita tukaenda kibarazani kwa Mwinyimvua. Watu walikuwa wengi, ilikuwa siku ya soko. Zubeiri alikuwepo na mkongojo wake. Mwinyimvua akamwuliza baba, "Sebastiani, umekubali binti yako afanye jambo hili?"

Baba akasimama. Akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye mizani ya mpunga waliisikia: "Waya ulioangusha mdogo wako niliufunga mimi. Huyu hakuugusa. Alinionya, nikamkemea. Macho yangu yana ukungu tangu mwaka juzi, sioni uzi wa waya, na nilikuwa naficha. Zubeiri, mwanangu, nisamehe."

Zubeiri akaja kwa mkongojo wake mpaka mbele ya baba, akamshika mkono. Akasema, "Mzee, mimi nimeshasamehe, ila maharage yangu nani atayaokota?" Watu wakacheka, na baba akacheka huku machozi yanamtoka. Halafu baba akanionyesha kwa kidole, akakosea kidogo, akaonyesha nguzo, akasema, "Fundi ni yule. Mpeni baiskeli."

Siku mbili nikaitengeneza, kisha lori la Mwinyimvua likatuvusha mto kwa pantoni, likatupeleka mpaka Mahenge juu, na baiskeli tumeifunga nyuma. Njiani, penye mwanzo wa mlima, niliomba nishuke nijaribu gia. Niliweka nyepesi nikakanyaga mpaka mapaja yakawaka moto, na haikuteleza hata mara moja. Lori likanifuata nyuma polepole, Zubeiri amejitokeza dirishani anapiga kelele, "Goti! Vipi goti?" Nikamwambia goti liko mahali pake.

Juu tukapakia gunia la maharage. Mwinyimvua mwenyewe ndiye aliyelipima. Akaniuliza, "Nyaya hizi zimetoka kwa mjomba wako Morogoro?" Nikamjibu, "Ya nyuma imetoka kwake. Ya mbele nimeitengeneza mimi."

Mjomba, usikasirike. Nilifikiri sana. Nyaya zako za kiwandani zitakwisha, na barabara itakatika tena. Watu wa hapa walikuwa hawaogopi nyaya za Morogoro, walikuwa wanaogopa za kwetu. Niliosha ncha kwa petroli, nikafungua ufagio, nikamimina, nikabana kwenye jiliwa, nikajifunga kiunoni na kujitupa nyuma. Mama alidhani nimepagawa. Kichwa hakikusogea.

Mwinyimvua akaigusa ile ya mbele. Akasema, "Basi simama penye kona ya jabali. Ukisimama pale, nimeridhika." Lori likatangulia kunisubiri chini.

Nilivaa kaptula ya baba chini ya gauni, nikajifunga khanga kiunoni kwa nguvu. Nikabana breki zote mbili hapo juu, kama ulivyosema. Nikaanza.

Mwanzoni nilikuwa na hofu. Gunia linakusukuma kama mtu aliye nyuma yako mwenye haraka. Nikawa nabana ya nyuma, naachia, nabana zote, naachia. Baada ya kona chache mikono ikaielewa baiskeli, na hofu ikanitoka. Bonde lote lilikuwa chini yangu, mjomba, lote, na mto unang'aa katikati ya mashamba yaliyovunwa. Nikaanza kuimba. Sijui nilikuwa naimba nini.

Nikaikata kona ya jabali, na katikati ya barabara kulikuwa na wanawake wamejitwika mianzi, imelala barabara nzima kutoka ukingo mpaka ukingo. Mmoja ana mtoto mgongoni. Kusimama kwangu hakukuwa tena kwa ajili ya Mwinyimvua. Nilibana. Kichwa changu cha risasi kilivutwa kwa nguvu zangu zote na za lile gunia, na kilishika. Gurudumu likalia, raba zikatoa harufu ya kuungua, na baiskeli ikasimama. Kati ya tairi na mwanzi wa mbele palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita.

Yule mwenye mtoto akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe dada, una wazimu?"

Nikamwambia, "Sina wazimu. Nina breki."

Alicheka mpaka mianzi ikamdondoka. Tuliiokota pamoja, na walipojua ni mimi fundi wa baiskeli, walipiga vigelegele, vikateremka mlimani kabla yangu. Kwa hiyo waliokuwa chini walijua ninakuja hata kabla hawajaniona.

Nilipofika, Mwinyimvua aligusa rimu kuona kama nilisimama kweli, akaondoa mkono upesi, ilikuwa ya moto. Alimwambia dereva, "Kesho peleka baiskeli zote kwa Yosefina." Hakusema kwa Sebastiani. Zubeiri akasema yake ndiyo iwe ya kwanza.

Baba alikuja akipapasa. Alipitisha vidole kwenye waya wa mbele, kuanzia chini kwenye raba, juu kupitia ganda, mpaka kwenye mkono. Alikikuta kichwa, akakishika kati ya vidole viwili, akakizungusha. Kisha akasema, "Hiki mimi sikuwahi kukitengeneza hivi, hata nilipokuwa naona." Kisha akaniomba apande kwenye keria nimpeleke mpaka pantonini. Maharage yakapanda lori. Baba alishika kiuno changu kama abiria, na kila tulipompita mtu alisema, "Huyu ni binti yangu."

Jumatatu ijayo anakwenda kwa daktari wa macho. Amekubali mwenyewe.

Mpwa wako aliyeshuka,
Yosefina


Morogoro
20 Julai 1956

Fundi Yosefina,

Marahaba nyingi. Balbina anakusalimu, na mtoto Tekla atumiwe kofia ndogo zaidi, imeshaanza kushonwa. Shemeji mpe pole ya macho. Daktari akisema ni mtoto wa jicho, asiogope kisu. Mwambie ninamdai barua ya mkono wake.

Barua yako niliisoma karakanani kwa sauti. Mafundi wote waliacha kazi. Nilipofika penye mianzi niligeuza karatasi polepole, na mzee wetu mmoja akagonga benchi kwa spana, "Soma, bwana! Amesimama au hakusimama?" Nikasoma. Walipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuuliza kama kuna moto.

Sasa nikuambie kwa nini sikukujibu. Niliandika "usishuke" nikachana. Niliandika "shuka" nikachana. Nikaona nikutumie nyaya za kiwandani ili angalau niweze kulala. Nawe ukaenda ukafunga ya mkono! Nimekuwa nikilala usingizi wa bure tangu Mei. Lakini ulifanya sawa, na mimi nisingethubutu.

Kuna jambo moja linanishinda hapa. Nina baiskeli ya gia tatu ya mwalimu mmoja. Waya wake wa gia unakatika kila mara mahali palepale, unapopita kwenye kile kigurudumu kidogo chini ya kiti. Nimeubadilisha, nimeutia grisi, nimebadilisha na kigurudumu chenyewe, na bado unakatika. Mafundi wenzangu wamekuna vichwa. Wewe ungeanzia wapi? Nimeitundika ukutani, na sitaigusa mpaka nipate jibu lako.

Fundi mwenzio,
Apolinari